Mwalimu wa Bahasha

Mtu akitaka kujua Mwalimu ameamkaje, alitazama mlango wake. Upande wa nje wa mlango ule wa mbao ndipo alipoandika kazi za siku, kwa vipande vya chaki alivyookota darasani: aljebra kurasa tatu, insha ya Kiingereza, kupalilia, aljebra tena. Kichwa chake kikiwa kimetulia, herufi zilisimama wima. Kikiwa kinachemka, ziliinama zote upande mmoja kama mgomba wenye mkungu mzito uliokosa nguzo. Nilipita pale kila asubuhi nikienda kuteka maji, nikasoma, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, na papo hapo nikajua kama nimsalimie au nipite kimya.

Jina lake siliandiki. Waliomharibia nitawataja, maana nimechoka kuwafichia watu ambao wao hawakumficha mtu. Wa kwanza ni Zakaria, karani wa gombolola yetu, yaani ofisi ya serikali ya eneo letu. Wa pili ni Laurenti, shemeji yangu, ingawa yeye ugomvi wake ulikuwa na mimi. Wa tatu nitamtaja nikimfikia. Ila jina la Mwalimu limeshapigwa mstari mara moja mbele za watu, na mimi sina haki ya kulichezea. Sisi wa njia ya kutoka Ihanda kwenda Bugene tulimwita Mwalimu wa Bahasha, na hilo linatosha.

Alikuwa akifundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ya misheni. Yeye mwenyewe alifika la nane, akasomea ualimu, akasimama hapo, kwa sababu huku kwetu kabla ya Uhuru hapakuwa na mahali pa kuendelea. Alichokitaka ni cheti cha darasa la kumi na mbili, kile cha mtihani wa Kiingereza. Basi akaamua kukisomea nyumbani, kwa posta. Bahasha kubwa za kaki zilitoka kwenye chuo kimoja cha Ulaya, zikafika Bukoba kwa meli, kisha zikaja kwa lori la Alhamisi hadi kwenye baraza la gombolola. Ndani mlikuwa na masomo na maswali. Yeye alijibu, akarudisha, na mtu asiyemjua wala asiyepata kumwona alimsahihishia kwa wino mwekundu.

Bahasha zilipaswa kufika thelathini. Akizimaliza vizuri, chuo kingempa barua ya kuthibitisha kwamba amesoma, na kwa barua hiyo Bwana Elimu wa Bukoba angeliandika jina lake kwenye orodha ya watakaofanya mtihani. Bila barua, hakuna orodha. Bila orodha, miaka mitatu ya kuumia kichwa ingekuwa bure. Hilo ndilo alilolipania kwa roho yake yote, na kila mtu kijijini alilijua.

Watu walimhofia. Walisema kusoma kupita kiasi kunaunguza ubongo, na walikuwa na mfano wao, katekista mmoja wa zamani aliyesoma mpaka akaanza kuwahubiria mbuzi. Wazee wakimwona Mwalimu akitembea huku midomo inacheza walitikisa kichwa. Hawakujua kwamba hatari hiyo yeye aliijua kuliko wao. Aliwahi kunieleza inavyokuja. Inaanzia shingoni, alisema, kama mtu aliyejitwika mzigo asiouona. Halafu inapanda nyuma ya masikio. Mwisho herufi zinaanza kutembea kwenye karatasi kama siafu.

Zikianza kutembea, alifunga kitabu, hata kama sentensi imefika katikati. Alikuwa na taratibu zake. Alikwenda kwenye migomba, akapiga magoti, akang'oa magugu kwa vidole kuzunguka shina moja, bila jembe, mpaka asikie ndege. Alisema kichwa kikishachemka ndege hawasikiki hata wakipiga kelele juu yako, na siku ukiwasikia tena ujue umerudi. Ndege wasipokuja alikwenda kijitoni, akatumbukiza miguu hadi ife ganzi. Na hiyo isipofaa, alimvizia mtu wa kumfundisha.

Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi, kwa kuwa nilipita na mtungi kichwani. Alinisimamisha, akainama na kuchora pembetatu vumbini kwa kijiti, akaanza kunieleza kwa nini pembe zake tatu hazizidi kitu fulani wala hazipungui. Nikamwambia maji yananimwagikia mgongoni. Akasema yamwagike, imebaki pembe moja. Wanawake wenzangu walinicheka kisimani, wakasema Mwalimu amepata mwanafunzi asiyeweza kukimbia.

Tena alikuwa na neno lake moja: "Leo si mtihani." Alilisema taratibu, akivuta pumzi, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Alijiambia mwenyewe bahasha ikichelewa. Aliwaambia watoto waliotetemeka mkaguzi alipokuja. Alimwambia hata mkewe siku alipokuwa na uchungu wa kuzaa, na mkewe akamrushia kibuyu. Kijiji kizima kililichukua neno hilo. Mtu akiunguza ndizi, aliambiwa leo si mtihani. Mlevi akianguka njiani, aliambiwa hivyo hivyo.

Sasa niseme habari ya buni, kwa sababu bila hiyo huelewi lolote. Huku kwetu kahawa haikunywewa, ilitafunwa. Tunachuma buni zingali mbichi, tunazichemsha pamoja na mchaichai na majani mengine ya kunukia, tunazianika, zinakauka na kuwa nyeusi. Mgeni akifika, kabla hajaulizwa shida yake, analetewa buni kwenye kikapu kidogo. Anachukua, anatafuna, mnazungumza. Mgeni aliyeondoka bila kupewa buni hana haja ya kuambiwa anavyotazamwa katika nyumba hiyo.

Mpishi wa buni za baraza la gombolola nilikuwa mimi, na Mwalimu alizipata kwangu. Alizitafuna ili asisinzie juu ya aljebra, na alizitafuna kupita kiasi. Mikono ikamtetemeka. Mfuko wa koti lake ulilia kachakacha akitembea. Lakini darasani aliwakataza watoto, akisema buni ni za wazee wasio na kazi. Watoto walisikia mfuko wake wakainamisha vichwa wasionekane wanavyocheka.

Hakuwa mtu wa mstari mmoja. Alikuwa mpole kiasi cha kumwombea radhi mbwa aliyemkanyaga, lakini mtoto aliyenakili ubao wa mwenzake alichapwa viboko viwili, hata awe mtoto wa nani. Aliyeleta ubao mtupu hakuguswa. "Huyu ametuletea ukweli wake," alisema, "tunaanzia hapo." Alikuwa Mlutheri wa kusimama mbele na kuanzisha wimbo. Na Mlutheri huyo huyo alikuwa amechanjiana, jambo ambalo kanisa lilikuwa likilipigia kelele kila mwaka.

Alichanjiana na Zakaria. Walikuwa vijana, wanasoma pamoja mbali na nyumbani, wana njaa, hawana ndugu wa karibu. Buni moja ina punje mbili zilizolala zinatazamana. Kila mmoja akajichanja karibu na kitovu, akapaka punje yake damu, akampa mwenzake ameze. Toka siku hiyo huwezi kumnyima kitu, huwezi kumshtaki, huwezi kutoa ushahidi juu yake mbele ya mtu yeyote. Ukivunja, tumbo linavimba na nyumba yako inazimika.

Siku moja nilimuuliza. Nikamwambia, wewe unawafundisha watoto kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, na hili la tumbo unaliamini?

"Jua nimelisoma, Mama Koku," akasema. "Hili nimelimeza."

Zakaria naye. Niandike haki yake: hakuwa mjinga. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa Mwalimu, na mashine ya kupiga chapa aliicheza bila kutazama vidole. Viatu vyake vilimeta hata wakati wa mvua, na alicheka amefumba mdomo. Alipoona bahasha za kaki zinakuja kwa Mwalimu, naye akajiandikisha kwenye chuo kile kile, kwa sababu Bukoba walikuwa wakitafuta karani mkuu mwenye masomo ya juu. Kitu kimoja tu kilimshinda. Hakutaka kuumia kichwa. Kung'oa magugu kwa vidole, kutumbukiza miguu kijitoni, kukaa peke yako na jambo lisilokubali kukuingia, hayo hakuyataka. Alitaka kufika alipofika mwenzake bila kupita njiani.

Wakati huo mimi nilikuwa mjane wa mwaka mmoja. Mume wangu alikufa kwa homa, akaniacha na binti mmoja, Koku, na kibanja cha ndizi na kahawa. Laurenti, ndugu yake, alikuja kabla matanga hayajapoa, akasema mwanamke mwenye binti peke yake hana cha kurithi, akaanza kukata mikungu yangu mchana mbele ya macho yangu. Nilikwenda kwa Mwalimu. Aliacha aljebra yake, akaniandikia ombi kwa baraza, akaliandika mara tatu mpaka likawa safi, na alipomaliza alikataa hata mkungu mmoja wa shukrani. Ombi likaingia faili, na faili lilikaa kwa Zakaria. Zakaria akanipa kazi ya jikoni pale barazani. "Uwe karibu na kesi yako," aliniambia, na mimi nikamshukuru kwa kupiga magoti.

Alhamisi moja aliingia jikoni mwenyewe. Hakuwahi kuingia jikoni. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Chungu cha buni kilikuwa kinachemka, akaniambia niondoe kifuniko. Akaishika bahasha juu ya mvuke, akaigeuzageuza kama mtu anayebanika samaki, mpaka gundi ikalegea. Akasema serikali inakagua barua za Ulaya tangu wakati wa vita. Hiyo ya kwanza niliamini. Naapa niliamini.

Ya pili niliona herufi zilizomo ndani. Zilikuwa zimeinama zote upande mmoja.

Alikuwa akifungua za kwenda na za kurudi. Majibu ya Mwalimu aliyanakili mezani kwake, akayatuma kwa jina lake kwa lori la siku ile ile. Ya Mwalimu aliyabandika tena, akayaweka kwenye sanduku mpaka lori la wiki inayofuata. Hivyo kazi ya Zakaria ilifika Ulaya siku zote ikiwa mbele, na ya mwenyewe ikafuata nyuma kama mwizi. Za kurudi alizifungua aone wino mwekundu umesema nini.

Mara ya tatu nilimuuliza kama na hizi za kwenda serikali inazikagua. Hakukasirika.

"Mama Koku," akasema, "faili lako liko juu kabisa ya mengine. Likishuka chini, nani atakumbuka kuliinua?"

Akatoka. Mimi nikaongeza kuni.

Mwalimu alianza kuona mambo yanaharibika bila kujua mlango yanamopitia, au mimi nilidhani hajui. Wino mwekundu ulibadilika. Badala ya kumsifu ukawa unamuuliza kama kazi ni yake. Mara ukamwambia inafanana mno na ya mtu mwingine. Hapo hakuhitaji kuambiwa ni nani, maana waliokuwa wakisoma kwa posta Karagwe nzima, kwa ninavyojua, ni wawili. Lakini alikuwa amefungwa mdomo. Hakuweza kwenda kwa mkuu wa gombolola, hakuweza kuandika Bukoba, hakuweza hata kumuuliza Zakaria uso kwa uso, maana kuuliza nako ni kushtaki. Walikutana kanisani wakashikana mikono.

Mlango wake ukaanza kutisha. Kazi za siku zikawa nyingi, zimeandikwa juu ya za jana bila kufutwa. Shina moja la mgomba alilipalilia mpaka udongo ukaisha na mizizi ikawa nje. Nilimkuta amepiga magoti pale, nikamuuliza kama ndege wamekuja. Akasema hawajaja wiki ya pili. Mkewe aliniambia hali chakula, anatafuna buni tu, na akanisihi nisimpe tena. Nikaendelea kumpa. Nilifikiri huo ndio wema uliobaki kwangu.

Ikafika bahasha ya ishirini na tisa. Asubuhi hiyo alinisimamisha na mtungi wangu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa anacheka. Aliniambia chuo kimetaka insha juu ya mito ya nchi ya mwanafunzi. Yeye ameandika kwamba mto Kagera unatoka ziwani na kupanda kuelekea Ruanda.

Nikamwambia hata mbuzi wa Kyaka wanajua kwamba Kagera inashuka kuingia ziwani.

"Mbuzi wanajua kwa sababu wanautazama mto," akasema. "Anayenakili hatazami. Kosa hilo watalikuta kwenye karatasi mbili, wataleta maswali, na Bwana Elimu atakuja kuuliza. Mimi siwezi kusema. Lakini akija, kutakuwa na watu."

Alinikazia macho kidogo, kisha akasema leo si mtihani, akaenda darasani. Nilibeba maji yangu. Alhamisi hiyo bahasha ilikuja juu ya chungu kama kawaida, na mimi nilijua kilichomo, Zakaria hajui. Ningeweza kumwonya Zakaria nikapata shukrani yake. Sikumwonya. Mpaka leo hilo ndilo pekee ninalojivunia, na ni dogo.

Chuo kililiona kosa, kama Mwalimu alivyopanga. Kitu kimoja hakukipigia hesabu. Walimu wa Ulaya walitazama ipi imetangulia kufika. Ya Zakaria ilitangulia. Basi aliyenakili ni yule mwingine.

Bwana Elimu alikuja mwenyewe, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuagizia watumishi. Akaketi barazani pamoja na mkuu wa gombolola, akaziweka karatasi mbili mezani sambamba. Watu walijaa mpaka nje, kwa kuwa hapakuwa na mtu asiyejua habari za bahasha. Mimi nilikuwa ukutani na kikapu cha buni.

Akamuuliza Zakaria kama karatasi ya kwanza ni yake. Zakaria akasema ni yake. Akamuuliza, kwa hiyo mto Kagera unatoka ziwani? Watu wakaguna, wengine wakacheka. Nikajua amekwisha. Zakaria hakupepesa jicho. Akasema siku hiyo alikuwa na homa, akakosea, na ajabu si kosa lake, ajabu ni mtu mzima, mwalimu wa watoto, kunakili hata kosa la mgonjwa. Kicheko kikahamia upande wa pili.

Bwana Elimu akamgeukia Mwalimu. "Unasema karani ameiba kazi yako?"

Mwalimu alisimama. Mkono ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na kwa vile baraza lilikuwa limenyamaza, sote tulizisikia buni zikilia kachakacha mfukoni.

"Juu ya Zakaria sina la kusema," akasema.

"Yupo mtu mwingine aliyeona chochote?"

Hapo ilikuwa kama kuhesabu moja mpaka kumi. Mwalimu hakumtazama Zakaria, wala Bwana Elimu. Alitazama upande wa ukuta niliposimama. Nilijisemea anatafuta ndege wake. Nilijidanganya mambo mengi katika muda mfupi ule. Kibanja changu kilikuwa kinasikilizwa wiki inayofuata. Koku alikuwa na miaka saba. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, nakumbuka hewa ikiingia.

"Mama Koku," akasema Zakaria, kwa upole kabisa, "wageni hawana buni."

Na miguu yangu ikaenda. Nilimpa Bwana Elimu, akaishika moja asijue la kufanya nayo. Nilimpa mkuu wa gombolola. Nilimpa Zakaria, akachukua mbili. Nilipofika kwa Mwalimu alinyoosha mkono juu ya kikapu, akausimamisha hapo, akavuta harufu, akaurudisha mtupu.

"Leo ndio," akasema kwa sauti ya chini.

Nilidhani kichwa kimemshinda. Bwana Elimu alipiga mstari juu ya jina lake kwa kalamu ya wino, polepole, mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata nilishinda kesi. Laurenti aliondolewa kibanjani, akanitukana hadi barabarani. Zakaria alikwenda kufanya mtihani akashindwa vibaya, lakini barua ya chuo alikuwa nayo, na kazi ya Bukoba wakampa kwa barua hiyo. Misheni ilimwachisha Mwalimu kazi, kwani haifai anayenakili kuwafundisha watoto kutokunakili. Mkewe alibeba vyombo, yeye akabeba vitabu kwa kamba za migomba, wakahamia Bugomora. Mlango aliufuta mwenyewe kwa kitambaa cha maji kabla ya kuondoka. Sikwenda kuwaaga.

Miaka ikapita, Koku akakua, akaolewa, na kama makusudi aliolewa Bugomora. Alipojifungua mtoto wa kwanza nilikwenda kumwona. Asubuhi ya pili nilitembea mpaka kwenye ghala la kahawa, nikapita uani kwa mtu, nikaona mlango. Umeandikwa chaki: jiometri kurasa mbili, kupalilia, kupima kahawa ya watu, jiometri tena. Herufi zimesimama wima.

Alikuwa ameketi nje, mvi zimeingia, karatasi juu ya paja. Aliniona, akanikaribisha kwa jina na kunipa kigoda. Akaniuliza habari za Koku na za mtoto. Akaniuliza migomba inazaa?

Nikasema inazaa.

Nikamuuliza kama bado anasoma, na mtihani ni lini.

"Leo si mtihani," akasema. Akacheka kidogo. "Wala kesho."

Mikono yake haikutetemeka tena. Juu ya migomba ndege walikuwa wanapiga kelele, na niliona kwamba anawasikia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njia nzima. Yalitoka machache.

"Mwalimu, zile bahasha. Zilifunguliwa kwenye chungu changu."

"Chungu cha buni," akasema. Hakuinua macho. "Nilijua tangu ya tatu. Zilizotoka Ulaya zilinifikia zinanuka mchaichai, Mama Koku. Ulaya hawachemshi buni."

Nikamuuliza, ulijua, na hukuniambia kitu?

"Mimi nilimeza na Zakaria. Wewe hukumeza na mtu." Alikunja karatasi yake mara mbili. "Habari ya ule mto nilikuambia wewe peke yako. Hata mke wangu sikumwambia. Kwa nini nilikuambia wewe?"

Nikasema kile kitu nilichojisemea miaka yote, kwamba ningenyang'anywa kibanja, na mtoto ningempeleka wapi.

"Najua," akasema. "Lile ombi nililiandika mimi."

Mkewe akatoka ndani. Hakunitambua, au alinitambua akafuata desturi. Alibeba kikapu kidogo cha buni, akakileta kwa mgeni. Mwalimu alinyoosha mkono akakipokea kabla hakijanifikia. Akakiweka juu ya goti lake, mkono juu yake.

"Mletee maji," akamwambia. "Ana safari."

Niliyanywa yote, nikasimama, nikaaga. Alinijibu vizuri. Alinisindikiza mpaka njiani kama inavyotakiwa, akaniuliza kama naifahamu njia ya kwa Koku, akarudi. Nilitembea bila ladha ya kitu mdomoni.

Nimeandika haya asubuhi tatu, na herufi zangu zimeinama zote. Nilisema wa tatu nitamtaja nikimfikia. Ni Adelina, mama yake Koku, mwenye kibanja cha ndizi njia ya Bugene, ambacho mpaka leo kinazaa.